Cheti gani kwa kitengo cha moyo? Joint Commission, ACC na DNV kwenye mizani moja

Kwa hospitali za Marekani, vyeti vya huduma za moyo karibu vyote ni vya hiari. Kimoja ndicho chenye meno: cha pampu inayopandikizwa mwilini kuusaidia moyo ulioshindwa kazi. Medicare, bima ya serikali kwa wazee, hailipii upandikizaji wa pampu hiyo mpaka hospitali iwe imethibitishwa na shirika linalotambuliwa na serikali, na Joint Commission na DNV, mashirika mawili yanayokagua hospitali, yote yanatambuliwa. Ukikiweka hicho kando, nembo nyingine unazoziona zimebandikwa karibu na lifti ni matokeo ya kikao. Watu waliketi, wakapitia vipeperushi, mmoja akasema hospitali jirani wanayo, hoja ikapita.

Nimekaa kwenye vikao vya namna hiyo upande wa idara ya ubora, ambako kazi kubwa ni kuhesabu dakika za watu wengine. Haya namwandikia yule muuguzi mratibu au daktari aliyeambiwa "tuletee mapendekezo wiki ijayo" na hajui aanzie wapi. Msimamo wangu nautoa mapema ili unisome ukijua naegemea wapi: viwango vya mashirika haya vinafanana kuliko wauzaji wake wanavyopenda kukiri. Vinapoachana ni katika mambo matatu: ratiba ya ukaguzi, takwimu utakazodaiwa, na kipande cha safari ya mgonjwa ambacho kila shirika linakikodolea macho.

Kwanza, tusichanganye ithibati na cheti

Ithibati inahusu hospitali nzima, kuanzia jikoni hadi chumba cha upasuaji. Tangu sheria ya Medicare ya mwaka 1965, hospitali yenye ithibati ya shirika linalotambuliwa huhesabiwa kuwa imetimiza masharti ya bima hiyo. Joint Commission ilikuwa na nafasi hiyo tangu mwanzo. DNV iliipata mwaka 2008. Cheti maalumu ni kitu kingine. Kinatazama ugonjwa mmoja au huduma moja, na hakikupi ruhusa ya kulipwa na Medicare, ukiacha ile pampu niliyoitaja.

Utata unaongezwa na American College of Cardiology, kwa kifupi ACC, ambao mpango wao wa maumivu ya kifua wanauita ithibati ilhali unafanya kazi ileile ya cheti. Msimamizi wa fedha akisikia "ithibati" hudhani mnataka kuachana na shirika linaloikagua hospitali nzima. Mweleze mapema kwamba ACC haitoi ithibati ya hospitali nzima, na kwamba unaweza kuwa nao bila kumgusa huyo mwingine.

Historia ya ukaguzi huu ina kisa kimoja ambacho huwa nakitumia kuwachangamsha wajumbe waliochoka. American College of Surgeons, chama cha madaktari wa upasuaji, kilipokagua hospitali 692 zenye vitanda 100 au zaidi, zilizofaulu zilikuwa 89. Orodha ya majina ikachomwa kwenye tanuri la hoteli ya Waldorf Astoria, New York, mwaka 1919, isije ikaangukia mikononi mwa waandishi wa habari. Joint Commission iliyozaliwa mwaka 1951 ni mjukuu wa kazi hiyo. Mazoea ya kuficha aliyeanguka na kumtangaza aliyefaulu yana umri mkubwa kuliko mashirika yenyewe.

Milango mitatu na tuzo moja

Joint Commission ilianza kutoa vyeti vya ugonjwa mmojammoja mwaka 2002. Kwa moyo inashirikiana na American Heart Association, AHA, iliyoanzishwa mwaka 1924: AHA inaleta sayansi, Joint Commission inaleta wakaguzi. Kuna ngazi tatu kwa mshtuko wa moyo, kuna cheti cha juu cha moyo kushindwa kufanya kazi, na tangu mwaka 2017 kuna kile kikubwa kuliko vyote, Comprehensive Cardiac Center, kinachokusanya mishipa ya moyo, valvu, mapigo yasiyo na mpangilio, moyo kushindwa, kufufua waliosimama moyo na mazoezi ya kurudisha afya chini ya mwavuli mmoja.

ACC ni chama cha madaktari bingwa wa moyo, cha mwaka 1949. Mpango wao wa maumivu ya kifua hawakuuanzisha wenyewe. Mizizi yake iko kwa Dk. Raymond Bahr, aliyefungua kitengo cha kwanza cha maumivu ya kifua katika hospitali ya St. Agnes, Baltimore, mwaka 1981, akiamini kwamba mshtuko wa moyo hutoa dalili mapema na kwamba watu wanafika hospitali wamechelewa. Chama kilichokua kutokana na fikra hiyo kiliungana na ACC mwaka 2016. Ukiisoma fomu yao leo bado unaisikia sauti ya Baltimore: wanauliza kuhusu elimu kwa jamii na kuhusu watu wa ambulensi kabla hawajafika kwenye chumba cha katheta, yaani kile ambamo mishipa ya moyo huzibuliwa kwa mrija mwembamba. Mbali na maumivu ya kifua wana mipango ya moyo kushindwa, umeme wa moyo, chumba cha katheta na valvu zinazowekwa kupitia mshipa.

DNV ni Wanorwe. Walianza mwaka 1864 kwa kukagua meli kama zinafaa kwenda baharini, na hilo si jambo la kupuuza ukitaka kuwaelewa. Ithibati yao ya hospitali imesukwa pamoja na ISO 9001, kile kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa ubora kinachotumika viwandani pia. Wana vyeti vya maumivu ya kifua, moyo kushindwa, pampu ya moyo, na kimoja cha juu kwa kituo kizima cha moyo.

Halafu kuna Get With The Guidelines ya AHA, iliyoanza miaka ya 2000. Wengi huiweka kwenye orodha ya vyeti, nami nimeiona kwenye taarifa za bodi ikiitwa cheti. Hiyo ni rejista yenye tuzo. Unaingiza takwimu zako, ukifikisha asilimia 85 au zaidi kwenye vipimo vya msingi kwa robo mwaka unapata shaba, kwa miezi 12 fedha, kwa miezi 24 dhahabu. Tuzo inatoka kwenye takwimu ulizoziingiza mwenyewe. Hakuna mkaguzi anayefungua droo zako. Ni mwanzo mzuri sana na ni mwisho mbaya, kwa sababu mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Maumivu ya kifua: hapa ndipo tofauti ilipo kubwa

Dakika wanazozifuata wote ni zilezile kwa sababu zinatoka kwenye mwongozo mmoja wa tiba. Kipimo cha umeme wa moyo kifanyike na kusomwa ndani ya dakika 10 tangu mgonjwa afike. Kwa mshtuko mkubwa, ule ambao mshipa umeziba kabisa, mshipa uzibuliwe ndani ya dakika 90 tangu mhudumu wa kwanza amfikie. Ikiwa lazima ahamishiwe hospitali nyingine, dakika 120, na hospitali ya kwanza isimshike zaidi ya dakika 30. Ikiwa hata hilo haliwezekani, dawa ya kuyeyusha bonge la damu itolewe ndani ya dakika 30. Shirika lolote utakalolichagua litakuuliza namba hizo.

Swali ni wanauliza kuhusu mgonjwa gani. Vyeti vya Joint Commission na AHA katika eneo hili ni vya mshtuko wa moyo. Ngazi ya chini, Acute Heart Attack Ready, ni ya hospitali isiyozibua mishipa saa zote: itambue, itulize, itoe dawa, ihamishe. Ngazi ya kati, Primary Heart Attack Center, inazibua mishipa saa 24 siku 7. Ya juu, Comprehensive, inaongeza upasuaji wa moyo papo hapo hospitalini. Ni mgawanyo safi, na unafaa kabisa pale ambapo hospitali kadhaa za eneo moja zinagawana wagonjwa, maana kila moja inajua imesimama wapi na nani anampokea nani.

ACC wanaanza mapema zaidi kwenye mlango wa dharura. Mpango wao unamhusu kila anayeingia akishika kifua. Tofauti hiyo inaonekana ndogo mpaka uangalie hesabu: mwongozo wa Marekani wa maumivu ya kifua wa mwaka 2021 unataja zaidi ya watu milioni 6.5 wanaofika idara za dharura kila mwaka kwa maumivu hayo, na kati yao ni asilimia 5.1 tu wanaokutwa na mshipa wa moyo ulioziba au unaoelekea kuziba. Wale wengine karibu 95 kati ya 100 ndio wanaojaza vitanda, wanaorudiwa kupimwa troponini, kile kipimo cha damu kinachoonyesha moyo umeumia, wanaolazwa usiku kucha bila sababu au, kwa bahati mbaya, wanaoruhusiwa kwenda nyumbani wakati hawakustahili. ACC wanataka uonyeshe njia yako kwa hao pia: nani anaruhusiwa, baada ya kipimo kipi, kwa alama zipi za hatari, akifuatiliwa na nani.

Nao wana ngazi tatu. Ya msingi, kisha yenye uwezo wa kuzibua mshipa, kisha yenye uwezo huo pamoja na huduma ya aliyesimama moyo akafufuliwa, ikiwemo udhibiti wa joto la mwili. Ngazi hii ya tatu naipenda. Inawalazimisha watu wa chumba cha katheta na watu wa wagonjwa mahututi kuzungumza, jambo ambalo katika hospitali nyingi hutokea tu baada ya mtu kufa.

DNV kwenye maumivu ya kifua ni fupi kueleza. Masharti ya kitabibu yanafuata mwongozo uleule, na utajengewa juu yake mfumo wa ISO: utaratibu ulioandikwa, kumbukumbu ya kasoro, hatua za kurekebisha zenye tarehe na mwenye jukumu, ukaguzi wa ndani unaofanywa na watu wako wenyewe. Hospitali ambayo tayari inaishi hivyo itakiona kama kazi ya kawaida. Ambayo haijawahi kusikia habari hiyo itakuwa inajifunza lugha mpya mbili kwa wakati mmoja.

Kwa tatizo la idara ya dharura iliyofurika, mimi nachagua ACC bila kusita. Kwa tatizo la uhamishaji kati ya hospitali, naelekea Joint Commission na AHA, hasa kama hospitali kubwa inayokupokea tayari iko huko. Na kabla ya yote tazama sheria ya jimbo lako: Missouri, kwa mfano, ina mfumo wake wa jimbo wa kuteua vituo vya kupokea mshtuko mkubwa wa moyo, na pale ambulensi inafuata uteuzi wa jimbo.

Moyo kushindwa: ugonjwa wa baada ya kutoka wodini

Mshtuko wa moyo hupimwa kwa dakika, huu hupimwa kwa wiki. Mgonjwa anaingia amevimba miguu na hapumui vizuri, anapewa dawa za kupunguza maji, anapona, anakwenda nyumbani, na ndani ya siku 30 karibu mmoja kati ya watano wa Medicare amerudi. Tangu Oktoba 2012 Medicare hukata malipo ya hospitali zenye marudio mengi kuliko inavyotarajiwa, hadi asilimia 3, na moyo kushindwa umo kwenye orodha tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo mkurugenzi wa fedha ambaye hakujali cheti cha kifua atakusikiliza hapa.

Cheti cha juu cha Joint Commission na AHA ndicho ninachokiona kimefikiriwa vizuri zaidi katika eneo hili, na sababu ni vipimo vyake. Vile vilivyobuniwa mahususi kwa cheti hicho viliuliza mambo ambayo wodi haipendi kuulizwa: je, mgonjwa ametoka na miadi ya ndani ya siku 7, yenye tarehe, saa na mahali? Je, muhtasari wa matibabu ulifika kwa mhudumu anayemfuata? Je, mtu alimtafuta ndani ya saa 72 kumuuliza uzito wake wa asubuhi na kama dawa amezipata? Je, aliulizwa anataka nini iwapo hali itazidi? Hakuna hata kimoja kinachohitaji mashine. Vyote vinahitaji mtu na simu.

ACC wana mpango wao wa moyo kushindwa, nao unamfuata mgonjwa kuanzia mlango wa dharura hadi kliniki. Nguvu yao ni ileile ya kifua: wanakutaka uonyeshe nani asilazwe kabisa, nani akae kitanda cha uangalizi kwa saa chache akapewa dawa kwa mshipa, na nani alazwe. Hospitali yenye kliniki nzuri ya nje itafaidika nao. Isiyo nayo itajikuta inaahidi kwenye karatasi mambo ambayo hayana mahali pa kufanyikia.

Wote watakuuliza kuhusu dawa nne ambazo mwongozo wa mwaka 2022 umeziweka kuwa nguzo kwa mgonjwa ambaye moyo wake unasukuma asilimia 40 au chini. Usiridhike na takwimu ya "zimeandikwa". Uliza zilinunuliwa ngapi. Fomu ya shirika lolote inakubali kalamu ya daktari kama ushahidi, lakini mgonjwa aliyeshindwa bei dirishani pa dawa hayumo kwenye fomu.

Takwimu, mahali gharama ilipojificha

Ada ya shirika imeandikwa kwenye mkataba, kila mtu anaiona. Gharama kubwa ni ile isiyoandikwa: mtu anayefungua faili la kila mgonjwa, akatafuta saa ya kufika, saa ya kipimo, saa ya puto linalozibua mshipa, dawa alizotoka nazo, akazijaza kwenye rejista. Kazi hiyo haifanywi na mtu aliyeazimwa kutoka wodini mchana wa Ijumaa. Inataka muuguzi anayesoma mafaili kama karani wa mahakama.

ACC wana familia ya rejista iitwayo NCDR, iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1990 na ile ya kuzibua mishipa. Mipango yao imeshonwa humo. Hospitali ambayo tayari inajaza rejista ya mishipa na ya mshtuko wa moyo inaingia ACC ikiwa imeshamaliza nusu ya safari. Joint Commission na AHA wanaelekea Get With The Guidelines. Ukiwa upande mmoja kwa miaka kumi na ukataka kuhamia wa pili, hesabu mishahara, maana utajikuta unajaza mgonjwa yuleyule mara mbili, na maelezo ya kila kisanduku hayafanani. "Saa ya kufika" ya rejista moja inaweza isiwe "saa ya kufika" ya nyingine. Nimeona mkutano mzima wa robo mwaka ukiteketea kwa sababu takwimu mbili za dakika za puto za mwezi mmoja, hospitali moja, zilipishana, na kila daktari akashika ile iliyompendeza.

Ushauri wangu hapa ni wa kikatili kidogo: kama hamjawahi kuwa kwenye rejista yoyote, msiombe cheti mwaka huu. Jiungeni na rejista, jazeni miezi 12, muone aibu yenu wenyewe kwanza bila mgeni.

Mgeni njoo, mwenyeji apone

Joint Commission hutoa cheti cha miaka 2. Katikati, mwaka ukitimia, kuna mazungumzo ya simu kuhusu vipimo vyenu. Wakaguzi wake wanafuata njia ya mgonjwa: wanachukua jina moja, wanatembea alikopita, wanamuuliza muuguzi wa zamu aliyemhudumia, si mkuu wake. ACC ni miaka 3. Sehemu kubwa ya kazi inafanyika mtandaoni kwa kupakia nyaraka kidogokidogo, na mnapewa mtaalamu wa kuwashika mkono kabla ya ziara. DNV ni miaka 3 pia, lakini wanakuja kila mwaka.

Vipi kati ya hivyo ni bora? Kuna utafiti uliochapishwa na JAMA Internal Medicine mwaka 2017 ambao unanifanya nisiidharau ziara. Waliangalia vifo vya wagonjwa wa Medicare waliolazwa wiki ambazo wakaguzi wa Joint Commission walitokea bila taarifa, wakalinganisha na wiki za kabla na baada. Vifo ndani ya siku 30 vilikuwa asilimia 7.03 wiki za ukaguzi, na 7.21 wiki nyingine. Tofauti ni nyembamba, lakini ni ya watu halisi, na inasema jambo lisilopendeza: watumishi walewale, mashine zilezile, mgeni akiwepo mwenyeji anapona zaidi. Methali yetu haikukusudiwa hivi lakini imefika.

Kwa hiyo hospitali inayolegea haraka, ile ambayo baada ya keki ya sherehe hakuna anayefungua daftari la vipimo mpaka miezi sita kabla ya ziara ijayo, ingefaa ichague mwenye kuja mara nyingi. DNV wanafaa hapo kuliko wanavyosifiwa. Hospitali yenye timu changa na woga mwingi itastawi zaidi kwa ACC na mkono wao wa kushikwa. Joint Commission wako katikati, na wakaguzi wao kwa uzoefu wangu ndio wanaouliza maswali makali zaidi kwa watu wa chini, jambo ambalo watu wa chini wakizoea wanaanza kulipenda.

Je, cheti kinaokoa maisha?

Utaulizwa hivyo kwenye kikao, na jibu la uaminifu litakuletea heshima kuliko kipeperushi. Utafiti mkubwa uliotoka kwenye BMJ mwaka 2018, uliohusu wagonjwa zaidi ya milioni 4 wa Medicare, haukukuta vifo vichache zaidi katika hospitali zenye ithibati ukilinganisha na zile zinazokaguliwa na majimbo, na Joint Commission haikutofautiana na mashirika mengine. Huo ulihusu ithibati ya hospitali nzima, si vyeti vya moyo, lakini unatosha kumfunga mdomo anayeahidi miujiza.

Mwingine wa New England Journal of Medicine wa mwaka 2013 unauma zaidi kwa sisi tunaohesabu dakika. Kati ya mwaka 2005 na 2009 muda wa kati wa kumfikisha mgonjwa kwenye puto ulishuka kutoka dakika 83 hadi 67 katika hospitali za rejista ya Marekani. Vifo vya hospitalini vilitoka asilimia 4.8 hadi 4.7, yaani karibu pale pale. Haina maana kwamba dakika ni bure. Ina maana kwamba ukishazipunguza vya kutosha ndani ya jengo, zilizobaki ziko nje: nyumbani mtu akisubiri maumivu yaishe, njiani, na kwa yule aliyefika moyo umeshasimama. Ndiyo sababu nyingine ya mimi kuwapa ACC alama kwa kuuliza kuhusu jamii na ambulensi, hata kama majibu ya hospitali nyingi kwenye ukurasa huo ni picha za kambi moja ya kupima shinikizo la damu.

Nje ya Marekani

Msomaji aliye nchi nyingine hatapata milango yote hii. Joint Commission International hutoa cheti cha programu ya kitabibu cha miaka 3, kikiwemo cha mshtuko wa moyo na cha moyo kushindwa, kwa sharti kwamba hospitali nzima iwe na ithibati yao kwanza. Ni mzigo mkubwa kwa anayetaka kitengo kimoja tu kitambuliwe. Ujerumani walijitengenezea wao wenyewe: chama chao cha madaktari wa moyo kinathibitisha vitengo vya maumivu ya kifua tangu mwaka 2008, kwa masharti yanayopimika kama vitanda visivyopungua 4 vyenye mashine za kufuatilia mapigo. Chama cha madaktari wa moyo cha nchi yako kikiwa na kitu cha aina hiyo, anzia hapo.

Nikikaa kwenye kiti chako

Hospitali ndogo isiyo na chumba cha katheta: ngazi ya msingi ya ACC, au Acute Heart Attack Ready kama hospitali inayowapokea wagonjwa wako iko upande wa Joint Commission. Usiombe moyo kushindwa mwaka huohuo.

Hospitali ya kati inayozibua mishipa saa zote lakini marudio ya moyo kushindwa yanaila fedha za Medicare: anza na cheti cha juu cha moyo kushindwa cha Joint Commission na AHA, hata kama madaktari wa katheta watanuna kwa kuwa wao walitaka nembo yao kwanza. Kwao kuna rejista tayari, watasubiri.

Hospitali ambayo ithibati yake yote iko DNV na watu wake wameshazoea ISO: baki DNV. Faida ya kubadili ni ndogo kuliko maumivu ya kufundisha upya wodi nzima.

Hospitali kubwa yenye upasuaji, valvu, pampu na kila kitu itavutwa na Comprehensive Cardiac Center. Nitasema ni kizuri, kisha nitasema kisije cha kwanza. Kinadai idara ambazo hazijawahi kukaa meza moja zitoe takwimu za pamoja. Wenye vyeti viwili vidogo vilivyotulia wanakipata. Wanaokirukia moja kwa moja wanatumia mwaka kugombania nani ni mwenye mgonjwa wa valvu.

Kabla hujaandika jina la shirika kwenye mapendekezo, fanya jaribio la usiku. Nenda idara ya dharura saa tisa usiku wa kuamkia Jumapili, bila taarifa, na saa mkononi. Mwombe aliye zamu akuonyeshe mgonjwa wa mwisho wa maumivu ya kifua: alifika saa ngapi, kipimo cha umeme wa moyo kilisomwa na nani, saa imeandikwa wapi. Katika hospitali moja niliyofanya kazi, yenye nembo mbili ukutani, karatasi ya mashine ya kipimo hicho ilikuwa imekwisha na ya akiba ilifungiwa ofisini mwa mkuu aliyelala kwake. Dakika 10 za mwongozo zilipita tukitafuta ufunguo. Kinachokwama usiku huo ndicho kitakachokuambia uchague nani: kikikwama mlangoni, ACC, kwenye kuhamisha, Joint Commission, kwenye kumbukumbu na mwenye jukumu, DNV, kikikwama kwa wanaorudi baada ya wiki mbili, unajua tayari.

Na uangalie kalenda. Kwa ukaguzi wa kwanza Joint Commission wanataka angalau miezi 4 ya takwimu za vipimo vyenu, kwa hiyo bodi ikitaka nembo ifikapo Desemba, wa kujaza rejista awe ameshaajiriwa, amefundishwa na ameanza kabla ya Julai. Ajiri na wa pili wake, kwa sababu huyo wa kwanza ataenda likizo Oktoba.